Pascal kwa Dirisha la Tiketi

Mabasi ya Huye, Musanze, Rubavu na hata Kampala huondokea Nyabugogo, chini ya vilima vya Kigali, na kabla abiria hajapanda humpitia karani. Hutaja aendako na saa anayoitaka, hutoa noti au hulipa kwa simu, kisha hupewa kikaratasi kilichochapishwa. Nyuma yake wamesimama wengine na mizigo yao, vijana wa kampuni wanaita abiria, na basi la saa hiyo limekwisha washa injini. Karani hana nafasi ya kusoma maelekezo. Programu iliyo mbele yake ama inakwenda na kasi ya mikono yake, ama inamchelewesha yeye na foleni yote.

Kwa mtu anayefundisha vijana kuandika programu za kompyuta ya mezani, sijui zoezi lililo bora kuliko hilo. Programu ya tiketi ni ndogo kiasi cha kumalizika katika muhula mmoja, na mwanafunzi wa Rwanda ambaye hajawahi kuwa abiria Nyabugogo ni wa kutafutwa, kwa hiyo mwalimu hapotezi siku kueleza kinachotakiwa. Linalobaki ni lugha ya kuandikia. Hapa nitatetea uchaguzi ambao wengi watauona wa kizamani: Pascal, lugha ambayo ni nadra kuikuta katika matangazo ya kazi. Naiona ni chombo kizuri cha kufundishia violesura, ilimradi mwalimu ajue kwa nini ameichagua na ataiacha lini.

Kwanza tuangalie ugumu wenyewe uko wapi, maana hauko pale wanafunzi wanapoutafuta.

Anayeanza huzoea programu inayokwenda kwa mstari mmoja. Uliza jina, soma jina, uliza kituo, soma kituo, piga hesabu, andika jibu, maliza. Programu ndiyo inayoongoza mazungumzo na mtumiaji hujibu anapoulizwa. Kiolesura chenye madirisha na vitufe hupindua utaratibu huo. Programu hujiandaa, hujionyesha kwenye kioo, halafu hunyamaza na kungoja. Mtumiaji anaweza kuanza na saa kabla ya kituo, akaandika nusu ya jina, akaghairi, akarudi juu, akafunga kila kitu. Programu imekaa kama mwenye duka aliyekwisha panga bidhaa zake: hajui mteja wa kwanza ataulizia sukari au betri, lakini anajua afanye nini kwa kila kitakachoulizwa.

Kila anachofanya mtumiaji huitwa tukio. Kubofya kitufe ni tukio, kubonyeza herufi ni tukio, kuchagua mstari katika orodha ni tukio. Mfumo endeshi huyapanga matukio hayo kwa foleni, na programu huyachukua moja baada ya jingine na kuita kipande cha kodi kilichoandikwa kwa ajili yake. Ukifungua faili kuu ya mradi uliotengenezwa kwa Lazarus, mazingira huria ya kuandikia Pascal, utakuta mistari michache sana. Mmoja huandaa programu, mwingine huunda fomu, na wa mwisho husema Application.Run. Huo wa mwisho ndio unaozunguka kwenye foleni ya matukio, saa nzima au siku nzima, mpaka mtumiaji atakapofunga. Mwalimu atakayetumia kipindi kizima kwenye mstari huo mmoja hatakuwa amepoteza muda.

Maana hapo ndipo wanafunzi wanapokwama. Utamkuta kijana aliyefaulu vizuri mazoezi ya awali ameandika, ndani ya kodi ya kitufe, kitanzi kinachongoja mtu ajaze jina. Dirisha lote linaganda. Anafikiri kompyuta ni mbovu. Ukweli ni kwamba kodi yake imeshika usukani na haiachi, kwa hiyo tukio la mtu kuandika jina liko kwenye foleni na hakuna wa kulichukua. Ajuaye kwa nini dirisha limeganda ameanza kuelewa kiolesura, hata kama bado hajui kupanga vitufe vikapendeza.

Rwanda ina historia yake katika kufundishia kompyuta kwa lugha zisizo za kawaida, na inafaa isimuliwe taratibu, kwa sababu hutajwa zaidi kwa idadi ya mashine kuliko kwa kilichokuwamo ndani yake. Kuanzia 2008 serikali iligawa katika shule za msingi kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa OLPC (One Laptop per Child, kompyuta moja kwa kila mtoto), zilizoitwa XO, na katika miaka iliyofuata idadi yake ilipita 200,000. Toleo la kwanza lilikuwa na kichakataji cha megahezi 433, kumbukumbu ya megabaiti 256 na kioo cha inchi 7.5. Kiolesura chake, Sugar, kiliandikwa kwa Python juu ya maktaba iitwayo GTK, na hakikufanana na kile cha kompyuta za ofisini. Hapakuwa na madirisha yanayopandiana. Kazi moja ilijaza kioo kizima, na yote aliyoyafanya mtoto yaliingia katika shajara badala ya kupangwa kwenye mafolda. Kibodi nayo ilikuwa na kitufe kilichokusudiwa kumwonyesha mtoto kodi ya programu anayoitumia saa hiyo.

Ndani ya mashine hiyohiyo kulikuwa na Etoys, iliyoandikwa kwa Smalltalk. Hii ni lugha iliyozaliwa miaka ya 1970 katika maabara ya Xerox PARC, California, na kundi la Alan Kay, mahali ambapo madirisha yanayopandiana na menyu za kubofya vilipata sura tunayoijua leo. Katika Etoys mtoto huchora gari, hulibofya, hupata vipande vya maagizo, huvipanga: songa mbele, geuka kidogo. Gari huanza kwenda papo hapo, na agizo linaweza kubadilishwa gari likiwa bado linatembea. Kila kilichoko kwenye kioo kinaweza kufunguliwa na kuchunguzwa.

Kwa hiyo mtoto wa darasa la tano huko Rwamagana au Kigali alipakata lugha ambayo vyuo vikuu vingi duniani havifundishi, katika mazingira yaliyobuniwa makusudi ili ayafungue na kuyabadilisha. Waliofungua walikuwa wachache. Walimu wengi hawakupata mafunzo ya kutosha ya kuitumia mashine yenyewe, seuze kusoma kodi yake. Katika baadhi ya shule kompyuta zilikaa makabatini. Tena mwaka huohuo wa 2008 iliamuliwa kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, kwa hiyo mwalimu alikabidhiwa kompyuta huku mwenyewe akiwa anajifunza lugha ya darasani. Katikati ya miaka ya 2010 zamu ikawa ya kompyuta za Positivo zilizounganishwa Kigali, zinazotumia Windows kama zile za ofisini, na Etoys ikasahaulika bila mtu kuilaumu wala kuitetea.

Wako wanaochukua habari hiyo kuwa ushahidi dhidi ya lugha zisizo za kawaida. Mimi naisoma vingine. Smalltalk haikupewa nafasi ya kushindwa. Ili lugha ishindwe darasani, sharti kwanza ifundishwe: awepo mwalimu aliyewahi kuitumia kumaliza kitu, na iwepo kazi ambayo mwanafunzi anaijua mwisho wake. Mradi ule ulikuwa na chombo kizuri sana, lakini kazi na mwalimu viliachwa vijitokeze vyenyewe.

Mtaala wa sekondari unaojengwa juu ya umahiri, ulioanza kutumika Rwanda mwaka 2016, umechagua njia nyingine. Katika Sayansi ya Kompyuta ya madarasa ya juu mwanafunzi hukutana na C++, Visual Basic na Java. Visual Basic ndiyo inayobeba somo la violesura, na haikuchaguliwa kwa bahati. Tangu Microsoft ilipoitoa mwaka 1991, imewapa watu wengi furaha ileile ya kwanza: unachora fomu, unaweka kitufe, unakibofya mara mbili, unaandika mistari miwili, na programu yako ina dirisha kama za wakubwa. Kasoro yake ni kwamba mlango umefungwa upande wa mbele. Mazingira ya Visual Basic 6 yaliondolewa msaada mwaka 2008, na mwaka 2020 Microsoft ilitangaza kwamba lugha yenyewe haitaongezewa mambo mapya. Shule inayotaka toleo la sasa hulazimika kupakua gigabaiti kadhaa kutoka intaneti, tena kwa kila kompyuta ya maabara, na programu itakayotoka ni ya Windows.

Pascal inatoa furaha hiyohiyo kwa gharama ndogo. Niklaus Wirth, Mswisi aliyefariki Januari 2024, aliichapisha mwaka 1970 kwa nia ya kufundishia. Watu husahau kwamba haikuishia ubaoni. Sehemu kubwa ya programu za Apple Lisa ya 1983 iliandikwa kwa Pascal, na vitabu vya kwanza vya kuandikia programu za Macintosh vilieleza mambo yake kwa Pascal. Mwaka 1995 kampuni ya Borland ikatoa Delphi, Pascal yenye fomu na vitufe, na msanifu wake mkuu alikuwa Anders Hejlsberg. Baadaye Hejlsberg alihamia Microsoft, akasanifu C#, kisha TypeScript. Habari hii ina faida kwa mwalimu: mwanafunzi anayetoka Pascal akaingia C# hukuta fomu, sifa za vitufe na utaratibu wa matukio vikiwa katika sura anayoifahamu, kwa sababu ni mawazo ya mtu yuleyule.

Lazarus ni ndugu huria wa Delphi. Kisakinishi chake ni cha megabaiti 200 hivi, kinabebeka kwenye flashi, na kikishawekwa hakihitaji intaneti. Kodi ileile hukubali kwenye Windows na kwenye Linux. Kwa kawaida kinachotoka ni faili moja inayojitegemea, unayoweza kumpelekea karani bila kumsakinishia kitu kingine. Mwanafunzi atashtuka akiona dirisha lenye kitufe kimoja limezaa faili ya megabaiti 20 na zaidi; mwonyeshe kwamba nyingi ni taarifa za kusakia makosa, na zikiondolewa faili hupungua sana. Ni jambo dogo, ila huwafungua macho kuhusu kilichomo katika programu kuliko mhadhara.

Wanaopendelea Python watauliza kwa nini tusitumie Tkinter, ambayo huja nayo bure. Ni swali la haki, na jibu lake lina kichekesho: Tkinter yenyewe imebeba ndani yake mkalimani wa Tcl, lugha ya John Ousterhout ya mwaka 1988, ambayo wanafunzi wengi wa Python hawajawahi kuisikia. Kila wanapounda kitufe wanatuma amri za Tcl bila kujua. Sina ugomvi na Tkinter. Tatizo langu ni kwamba haina ubao wa kuchorea fomu, na Python hungoja mpaka karani abofye ndipo igundue kwamba neno limejumlishwa na nambari. Kompaila ya Pascal hugoma mapema, mbele ya mwalimu.

Sasa turudi Nyabugogo, kwa sababu thamani ya zoezi iko katika vijambo vyake.

Chukua kituo aendacho abiria. Mwanafunzi mwepesi ataweka kisanduku cha kuandikia, na hapo matatizo yataanza. Rwanda ilipopanga upya mikoa na wilaya zake mwaka 2006, miji mingi ilipata majina mapya: Butare ikawa Huye, Gisenyi ikawa Rubavu, Ruhengeri ikawa Musanze, Gitarama ikawa Muhanga, Cyangugu ikawa Rusizi. Abiria wengi bado hutaja majina ya zamani. Karani akiandika kama alivyosikia, ripoti ya jioni itaonyesha miji miwili palipo na mmoja. Orodha ya kuchagulia inaondoa tatizo hilo, lakini si orodha yoyote. Ikiwa na Huye pekee, karani aliyesikia Butare lazima atafsiri kichwani huku foleni ikimsukuma. Iwe na yote mawili, yakielekea kwenye kituo kimoja ndani ya programu, na karani akigonga herufi B imlete panapostahili. Hapo mwanafunzi amejifunza tofauti kati ya anachokiona mtumiaji na kinachohifadhiwa, tena bila ubao.

Jina la abiria ni mtego mwingine. Mifano ya vitabuni huweka visanduku viwili, jina la kwanza na jina la ukoo. Rwanda ndugu wa baba mmoja na mama mmoja kwa kawaida kila mmoja ana jina lake la Kinyarwanda, na jina la ukoo la pamoja si desturi. Kisanduku kimoja kinatosha, na ni sahihi zaidi. Mwanafunzi aliyenakili fomu ya kitabu amenakili pia desturi za nchi ya kitabu, na hilo ni kosa ambalo kompaila haiwezi kulikamata.

Kwa safari ya kuvuka mpaka itahitajika nambari ya kitambulisho. Kitambulisho cha taifa cha Rwanda kina tarakimu 16. Mwanafunzi ataona tarakimu, atachagua aina ya Integer, na programu itakataa, kwa kuwa aina hiyo huishia 2,147,483,647. Atatafuta aina kubwa zaidi, na ataipata. Hapo mwalimu amuulize: utawahi kujumlisha vitambulisho viwili? Kisichojumlishwa wala kuzidishwa kihifadhiwe kama maandishi. Nambari ya simu ni hivyohivyo. 078 ikifanywa nambari hupoteza sifuri yake ya mbele, na abiria hapigiwi tena. Pascal ina ukali wa aina za data unaoudhi mwanzoni, nami naupenda kwa sababu hiyo hasa: humlazimisha mtu aseme kitu ni nini kabla ya kukitumia.

Nauli ndiyo inayonipa hoja kubwa zaidi. Karibu kila mwanafunzi huweka kisanduku cha bei, kisha huandika kodi ya kugeuza maandishi kuwa nambari, kisha programu hukwama mtu akiandika 2.500 au akiongeza Frw mwishoni. Anajifunza kupima kabla ya kugeuza, na hilo ni jema. Lakini nauli za mabasi ya abiria Rwanda hupangwa na RURA, mamlaka inayosimamia huduma za umma. Karani hana mamlaka ya kuiandika. Kisanduku chenyewe hakikutakiwa kuwapo. Bei ijitokeze kituo kinapochaguliwa, ikitoka kwenye jedwali lililo nje ya kodi, kwa sababu nauli hubadilika, kama ilivyokuwa Machi 2024, na hakuna atakayetaka programu iandikwe upya kila tangazo linapotoka. Somo la kupima maandishi limegeuka kuwa somo la kuuliza nani ana haki ya kubadilisha nini. Sijui njia nyingine ya kulifikia haraka hivyo.

Kisha kuna kitufe cha kukata tiketi, na hapa nitakaa kidogo. Kuchapisha huchukua sekunde chache. Kodi ya kuchapisha ikiwa ndani ya tukio la kubofya, dirisha linaganda kwa muda huo, na karani mwenye haraka anabofya tena. Tukio la pili linaingia foleni, na la kwanza likimalizika, tiketi ya pili inatoka. Mwanafunzi mjanja atasoma mahali kwamba amri ya Application.ProcessMessages huondoa kuganda. Kweli huondoa, lakini huongeza balaa, kwa kuwa sasa tukio la pili linashughulikiwa katikati ya lile la kwanza, kabla kiti hakijaandikwa kuwa kimechukuliwa. Tiketi mbili, kiti kimoja. Dawa ya kwanza ni rahisi: kitufe kizimwe mara tu kinapobofywa, kiwashwe kazi ikiisha na mibofyo iliyobaki kwenye foleni ikiwa imekwisha pita. Dawa ya pili ni kuandika mauzo kwenye hifadhidata, SQLite inatosha, kabla ya kuchapisha, ili umeme ukikatika kati ya hatua hizo mbili ijulikane nani alilipa. Dawa ya tatu, kuhamishia kazi ndefu kwenye uzi mwingine (thread), iachiwe muhula unaofuata.

Jambo la mwisho katika fomu hii ni la mikono. Wanafunzi hubuni kwa kipanya kwa sababu ndivyo wanavyojaribu kazi zao, polepole, wakiwa peke yao. Karani hataki kuinua mkono kutoka kwenye kibodi. Mpangilio wa kitufe cha Tab ufuate maneno ya abiria: kituo, saa, jina, simu. Enter ikate tiketi. Esc isafishe fomu kwa abiria aliyeghairi. Kuunganisha Tab, Enter na Esc na fomu ni suala la kujaza sifa tu katika Lazarus, hakuhitaji hata mstari mmoja wa kodi, na bado ndiko kunakosahaulika zaidi.

Majina ya vigeu nayo yasiachwe yawe x na y. Maneno ya Pascal yenyewe ni machache, nayo ni ya Kiingereza, lakini majina anayoyatunga mwanafunzi ni yake. Kinyarwanda na Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama za juu, kwa hiyo igiciro (bei), umugenzi (abiria), nauli na kituo hupita kwenye kompaila bila tatizo. Mwanafunzi aliyeandika nauli husoma kodi yake wiki ya pili na kuielewa.

Sasa gharama, maana zipo. Mwenye kufundisha lugha isiyo ya kawaida hufundisha akiwa mpweke. Vitabu ni vichache, vingi ni vya Delphi ya zamani, na mifano yake huvunjika kwenye Lazarus ya Linux kwa sababu inaita maktaba za Windows. Programu za akili mnemba hujibu maswali ya Pascal kwa kuchanganya Delphi na Lazarus kwa ujasiri uleule. Wako wanaosema hiyo ni faida, kwamba mwanafunzi hatanakili. Sikubaliani nao sana. Mwanafunzi aliyekwama usiku bila wa kumuuliza hajifunzi uvumilivu, analala. Mwalimu anayechagua Pascal lazima aandae kijitabu chake, mifano yake na orodha ya makosa ya kawaida kabla ya muhula kuanza. Akishindwa hilo, achukue Python.

Gharama ya pili ni ya kazi. Kijana atauliza nani atamwajiri kwa Pascal, na si haki kumjibu kwa falsafa. Kwa lugha yenyewe, ni wachache. Lakini programu za mezani hazijafa Kigali. Tangu 2013 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya VAT wametakiwa kutoa risiti za kielektroniki za EBM, na mfumo huo ulipotoka kwenye mashine maalumu ukaja kama programu ya kuwekwa kwenye kompyuta. Maduka ya dawa, maghala na kaunta nyingi zinaendeshwa na programu za namna hiyo. Tena utaratibu wa matukio ni uleule kwenye simu na kwenye kivinjari. Anayeandika JavaScript atakutana na foleni ileile na kuganda kulekule. Flutter, inayotumiwa sana na vijana wa Afrika Mashariki kutengenezea programu za simu, huandikwa kwa Dart, lugha ambayo nayo ilikuwa ikionekana ya ajabu kabla Flutter haijafika toleo la kwanza mwaka 2018.

Kwa hiyo hukumu yangu ina mipaka. Muhula mmoja wa Pascal, kazi moja ya kumaliza, kisha mwanafunzi ahamie C# au Dart na aandike upya dirisha lilelile la tiketi. Katika uhamisho huo ndipo atakapoona kipi kilikuwa cha lugha na kipi ni cha kiolesura. Mwalimu anayeng'ang'ania Pascal kwa miaka mitatu kwa sababu ndiyo aliyofundishwa yeye anawadhulumu wanafunzi wake, na hoja zangu zisitumike kumtetea.

Ombi langu ni kwa wanaotunga mitihani ya vitendo. Programu ya mwanafunzi isipimwe kwa kusomwa kodi yake pekee, wala kwa kumtazama yeye mwenyewe akiiendesha, kwani mwenye programu hajui kuikosea. Mkalisheni mtu mwingine kwenye kibodi, mpeni orodha ya abiria kumi, mmoja anakwenda Butare, mmoja anaghairi baada ya kutaja jina, mmoja anawahi basi linaloondoka. Mwanafunzi akae pembeni bila kusema neno, na alama zitolewe kwa tiketi zilizotoka sawa.